Kofia tatu na pama moja: ni ipi hasa iliyofumwa?

Siku za kukaribia Maulidi, Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, haupitiki. Punda wamebeba mawe, wageni wamebeba mabegi, na wachuuzi wametandaza bidhaa hadi kwenye baraza za watu. Nilikuwa nimejibana ukutani nikingoja punda apite, mbele yangu meza ya kofia, nikamsikia kijana mmoja wa bara akivutana na muuzaji. Mezani palikuwa na kofia tatu. Moja ya uzi mnene wa rangi ya maziwa, yenye matundu kama vile vitambaa vya kufunikia viti. Ya pili nyeupe, imejaa maua na vijitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Ya tatu ilifanana na ya pili, ila ilikuwa inang'aa zaidi. Juu yake, kwenye msumari, palitundikwa pama la ukili, yaani kofia pana ya majani yaliyosukwa.

“Ami, hizi zimefumwa kwa mkono?”

“Zote, mwanangu. Zote za kufumwa.”

“Sasa mbona hii mia nne, hii elfu moja na hii elfu nane?”

“Basi chukua ya mia nne, Maulidi yasikupite.”

Watu wakacheka, punda akapita, nami nikaenda zangu. Lakini swali la yule kijana lilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu lilikuwa swali zuri lililopewa jibu baya. Katika vitu vinne vile, kimoja tu ndicho kilichofumwa. Pama lilisukwa. Kofia mbili nyeupe zilidariziwa, na moja kati ya hizo mbili ilidariziwa na mashine.

Muuzaji hana lawama peke yake. Neno kufuma tumelibebesha mizigo mingi. Anayetengeneza kikoi anafuma. Mama anayetengeneza sweta la mtoto anafuma. Mvuvi aliyekaa chini ya mkungu na jarife lake naye anafuma. Hata mshale ukimpata mnyama, umemfuma. Tukiendelea hivyo, anayenunua hajui anachonunua, na anayetaka kujifunza hajui aanzie wapi. Binafsi nimeona kuna swali moja linaloutatua mkanganyiko huu wote: je, uzi unashikwa na nini?

Tuanze na kilicho chepesi, nywele. Kila aliyewahi kukaa katikati ya magoti ya dada yake anakijua kitendo cha kusuka: mafungu matatu, la kulia linapita juu ya la kati, la kushoto linapita juu ya la kati, mpaka mwisho. Hakuna fungu kubwa wala dogo, kila moja linashikwa na wenzake kwa zamu. Ukili ni jambo lilo hilo, ila mahali pa nywele pana chane za majani na mafungu ni mengi zaidi. Majani ya mkoma huitwa miyaa, ya mkindu huitwa ukindu, na ukindu ndio mwororo unaochemshwa na rangi kwa mikeka ya chumbani. Ukienda Kipungani au Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, utawakuta wanawake wanaosuka huku wakizungumza, macho yako kwa mgeni na vidole viko kazini.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba msusi hasuki mkeka. Anasuka utepe mwembamba, mrefu, unaoviringishwa kama mshipi. Umbo linakuja baadaye, kwenye kushona. Utepe ule ule ukiunganishwa ubavu kwa ubavu unakuwa mkeka, ukizungushwa na kupandishwa unakuwa kikapu, ukizungushwa ukachongoka unakuwa kawa la kufunikia chakula, na ukipewa ukingo mpana unakuwa pama lililokuwa msumarini. Wazee wetu hawakuishia kwenye vyombo vya nyumbani. Mtepe, jahazi la visiwa hivi lililotoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa na tanga la miyaa iliyosukwa, na mbao zake zilishonwa kwa kamba ya usumba badala ya kupigiliwa misumari. Kwa hiyo mtu akikwambia kazi za mikono ni za kupambia sebule, mkumbushe kuwa watu walivuka bahari juu ya kazi hizo.

Kutoka hapo kwenda kwenye kufuma kitambaa ni hatua moja. Umekiona kitanda cha kamba kikiwambwa? Kwanza kamba zinatandazwa upande mmoja, zinakazwa. Kisha kamba nyingine inapita kwa kukingama, juu, chini, juu, chini. Zile zilizotangulia kukazwa, kwenye kitambaa, ndizo mtande. Ile inayokatiza ndiyo mshindio. Hapa uzi unashikwa na uzi mwingine uliokuja kutoka upande wake. Leso, kikoi, kanzu, shuka, vyote ni mtande na mshindio. Ndiyo maana leso haivutiki: ivute kwa urefu, inakataa, ivute kwa upana, inakataa. Ivute mshazari, kutoka pembe hadi pembe, hapo italegea kidogo, kwa kuwa hupambani tena na uzi uliokazwa, unazisukuma tu nyuzi zibadilishe pembe.

Sasa chukua fulana. Ivute. Inavutika pande zote na kurudi. Fulana nayo ni ya nyuzi za pamba kama leso, basi tofauti imetoka wapi? Imetoka kwenye swali letu. Katika fulana, uzi haushikwi na uzi wa upande mwingine. Unashikwa na kitanzi.

Kama hujawahi kuona kitanzi kikifanya kazi, tafuta gunia lililoshonwa mdomo kwa mashine. Kuna uzi ule ambao ukiuvuta upande unaofaa, mdomo wote unafunguka kwa mkupuo mmoja, trrrr, na ukiuvuta upande usiofaa unakaza mpaka uombe kisu. Ule ni mnyororo wa vitanzi: kila kimoja kimepita ndani ya mwenzake, na cha mwisho ndicho kinachowashikilia wote. Sasa fikiria safu nzima ya vitanzi, na juu yake safu nyingine iliyopita ndani ya safu ya chini, na nyingine tena. Hilo ndilo sweta la shule, ndiyo soksi, ndilo boshori, na ndiyo fulana yako. Iweke fulana mbele ya kamera ya simu, uikuze picha mpaka mwisho. Nje utaona vijialama vya V vimepangwa kwenye nguzo. Ndani utaona mawimbi. Kila V ni kitanzi, na kitanzi kina nafasi ya kujinyoosha na kujikunja. Kufuma kwa sindano mbili ni kitendo hicho hicho kikifanywa polepole na mtu: sindano moja imebeba vitanzi vinavyongoja, nyingine inachomoa uzi ndani yake na kupokea vitanzi vipya.

Hapa ndipo mtu wa pwani husema, hiyo ni kazi ya watu wa baridi, Lamu na sweta wapi na wapi. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Lakini miongoni mwa kazi kongwe za sindano mbili zilizohifadhiwa hadi leo ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14 hivi, nyingine zimenakshiwa kwa rangi ya nili na nyeupe. Pamba, tena Misri. Kinachotia joto ni uzi uliochagua, kitanzi hakina hatia. Na kwenye uzi nako kuna mtego. Madukani tunaambiwa “uzi wa sufu”, wengine husema “sufi” kana kwamba manyoya ya kondoo na pamba ya msufi ni kitu kimoja, kumbe mara nyingi kilicho mkononi ni akriliki, yaani plastiki iliyosokotwa. Choma kipande kidogo ujue. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu. Sufu inanuka nywele. Akriliki inayeyuka na kuganda kijiwe kigumu. Kwa jua letu la kaskazi, nunua pamba.

Ile kofia ya mia nne ilikuwa ya kroshia, na kroshia ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie nikikaa hapa kidogo.

Kroshia nayo ni kazi ya vitanzi, tofauti yake ni moja tu ndogo yenye matokeo makubwa. Katika sindano mbili, vitanzi vingi viko wazi kwa wakati mmoja, hamsini, mia, vyote vimepanga foleni kwenye sindano. Sindano ikichomoka, ni msiba. Katika kroshia kuna kijiti kimoja chenye kulabu, na kitanzi kilicho wazi ni kimoja. Kila kilichopita kimeshafungwa. Kwa kuwa hakuna foleni inayokungoja, unaweza kwenda popote: kuzunguka, kurudi, kupanda juu, kuanzisha tawi ubavuni. Ndiyo maana vitambaa vya viti vina maua, nyota na hata samaki.

Ona jinsi kofia inavyozaliwa. Unaanza katikati ya utosi na vitanzi 6. Duru inayofuata unaongeza 6, vinakuwa 12. Kisha 18, kisha 24, kila duru sita za nyongeza. Ukiendelea hivyo bila kuacha, unapata sahani iliyolala bapa, yaani kitambaa cha meza. Upana wa utosi ukishatosha, unaacha kuongeza: duru inayofuata ina vitanzi vile vile, na kazi inainama yenyewe, inateremka na kuwa kuta za kofia. Hukukata wala hukupima. Umeacha tu kuongeza.

Jaribio langu la kwanza niliacha mapema mno. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nina haraka, na kofia niliyoikusudia kwa babu ikatoka na upana wa kikombe. Bibi aliitazama, akaigeuza, akaenda kuifunikia bakuli la sukari. Ilikaa pale mezani wiki nzima kila mgeni akiiona. Kisha siku moja akanipa ile kofia na kusema, “Fumua.” Nikavuta ncha, na kazi ya siku tatu ikarudi kuwa uzi kwa muda wa kunywa chai. Uzi ulikuwa mzima, umejikunjakunja tu kama nywele zilizofumuliwa. Nikaanza upya na uzi ule ule.

Na ukikosea upande wa pili je, ukaongeza kupita kiasi? Pale unapotakiwa kuongeza sita, ukaongeza kumi na mbili, na duru inayofuata ukazidisha tena? Sahani inashindwa kulala. Ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo, unaanza kujikunja mawimbi kama jani la saladi. Fundi atasema umeharibu. Lakini mwaka 1997, Daina Taimina, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alilifanya “kosa” hilo kwa makusudi. Wanahisabati wana aina ya uso uliojipinda, uitwao haipaboliki, ambao kila ukienda mbali na kitovu nafasi inazidi kupanuka. Walikuwa wakiutengeneza kwa karatasi, karatasi inachanika. Taimina akachukua kulabu na uzi, akaongeza vitanzi kwa uwiano ule ule duru baada ya duru, na uso huo ukakaa mkononi, wanafunzi wakaushika na kuukunja.

Miaka michache baadaye, mwaka 2005, dada wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianzisha mradi wa kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa kroshia, kwa sababu maumbo hayo ya mawimbi ndiyo matumbawe mengi yanavyoota baharini. Yanajipatia eneo kubwa la kuchujia chakula ndani ya nafasi finyu. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Sisi huku nyumba za mtaa wa Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, tukipiga mbizi kwenye kisiwa cha Manda Toto tunayaona hai, na vitambaa vya kroshia vimelala juu ya kila kochi, wala hatujawahi kuvikutanisha viwili hivyo. Sita ni kofia au sahani, zaidi ya sita ni tumbawe. Tofauti ni hesabu ya kidole.

Narudi kwenye kufumua, maana neno hili limebeba zaidi ya kusahihisha makosa. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza habari za wafumi wa Sofala, kusini mwa pwani yetu. Walifuma pamba nyeupe, lakini rangi hawakuwa nayo. Basi walinunua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, India, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya uzi ule pamoja na wao mweupe. Huku kwetu Pate nako kulisifika kwa vitambaa vya hariri karne hiyo hiyo. Kuna watu hudhani kutumia uzi wa sweta kuukuu ni dalili ya umaskini. Wafumi wale hawakuona hivyo.

Imebaki ile kofia ya elfu nane, na hii haifumuliki. Swali letu hapa lina jibu tofauti kabisa: uzi unashikwa na kitambaa ambacho tayari kipo. Kimefumwa kiwandani, kimekatwa, na uzi wa kudarizi unaingia humo kama mgeni. Kofia ya Lamu ina vipande viwili, kifuniko cha duara cha juu na ukanda unaozunguka kichwa, na vyote viwili hudariziwa kabla ya kuunganishwa. Nakshi huchorwa kwanza. Kisha vinakuja viua, vile vijitundu: kila kimoja kinatobolewa, kinazungushiwa uzi kwa mishono midogo iliyobanana mpaka ukingo wake unakuwa mgumu kama pete, ndipo mkono unahamia kwenye kinachofuata. Kofia moja ina mamia ya viua, na kazi inachukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, kwa saa zinazopatikana baada ya shughuli nyingine. Pita vichochoroni alasiri utawaona wanaume kwa wanawake wameketi barazani na kofia magotini. Wale wanaosema sindano ni ya wanawake sijui huwa wanapita njia gani.

Kitanzi kikikosewa unavuta uzi. Kiua kikitobolewa pasipo pake, tundu limeshatoka, na kitambaa cheupe hakisahau. Kinacholipiwa kwenye elfu nane ni saa nyingi ambazo mtu hakuruhusiwa kukosea.

Na ile ya elfu moja? Igeuze ndani nje. Mashine hudarizi kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini unaotoka kwenye bobini, na huku ndani utauona ule wa chini, mara nyingi wembamba zaidi au weupe wa namna nyingine. Viua vyake vyote ni mapacha. Katika kofia ya mkono uzi ni mmoja, ndani kunafanana na nje au karibu, na ukitulia utaona kiua kimoja kimenenepa kidogo kuliko jirani yake. Sisemi ya mashine ni mbaya. Kwa mtoto anayepoteza kofia kila Ijumaa, nunua hiyo. Sema tu ni ya mashine.

Ajabu iliyonifanya niandike haya ni hii. Kufuma kwa vitanzi kuliingia kwenye mashine zamani sana, tangu Mwingereza William Lee alipobuni mtambo wa kufuma soksi mwaka 1589, na leo karibu kila fulana unayoivaa ni ya mashine. Kudarizi nako kumeingia. Lakini kroshia halisi, ile ya kulabu na kitanzi kimoja, bado ni ya mkono. Mashine zinazouzwa kwa jina hilo kwa kweli hufuma vitanzi kwa mtindo mwingine. Kwa hiyo juu ya meza ile, kofia ambayo ungeweza kuapa kwamba imetoka mkononi mwa mtu hata bila kuigeuza ilikuwa ile ya bei ya chini kabisa.

Kesho yake nilipita tena. Kijana yule alikuwa pale, safari hii amekaa kwenye stuli, kofia ya viua imemkalia juu ya utosi kama kifuniko cha buli. Nikamweleza kidogo, akazigeuza zote tatu ndani nje, muuzaji akiniangalia kwa jicho la pembeni. Akachukua ya kroshia, ikavutika, ikamkaa barabara.

“Na hii nzuri?” akauliza, ameishika ile ya elfu nane.

“Hiyo haivutiki,” ami akamjibu, akitoa utepe wa kupimia mfukoni. “Lete kichwa nikupime. Ya kwako ukija Maulidi ya mwakani utaikuta.”